Siku Mama Kulwa Alipolitaifisha Godoro Langu

Korogwe, Jumatano. Joto limekaa mjini tangu asubuhi, mawingu yanapita tu kuelekea milimani bila kutukumbuka.

Leo nina kwangu. Nimeandika hivyo halafu nikasita, maana si kwangu kabisa.

Shajara yangu, hata wewe nilikuficha. Tangu mwenye nyumba alipokitaka chumba changu kwa ajili ya mwanawe aliyeoa, nimekuwa nikilala kwenye karakana ya chuo, nyuma ya mbao tunazojifunzia kufunga waya. Nasomea umeme wa majumbani. Mchana nawasha taa za nyumba za watu, jioni sina pa kulala. Alfajiri nilikuwa naoga msikitini, upande wa wanawake, kisha naingia darasani hijabu imenyooka kama mtu aliyetoka kwao.

Chuo chetu hakina bweni. Msaada kwa wasio na makazi upo, ila lazima usomwe jina paredi mbele ya wote. Sikwenda. Nilijiambia bora nirudi Kang'ata nikalime mahindi na mama, ingawa mtihani wa mwisho uko mlangoni. Na nilikuwa namaanisha.

Jana mlinzi akaliona godoro. Hakunisemea ofisini. Alimwambia Mama Kulwa, anayetupikia wali na maharage nje ya geti.

Mama Kulwa ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja huku kukata mkonge, hakurudi tena Tabora. Mimi ni Mzigua. Sisi ni watani, na mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa. Tangu mwaka wa kwanza ananipakulia kidogo, anasema Wazigua wali hawaujui. Namjibu kwamba kwao walimfukuza kwa umbea.

Leo saa ya chakula akaingia karakana na mwiko mkononi, darasa zima tupo. Akalikunja godoro langu, akajitwisha.

"Godoro la Mzigua nimelitaifisha," akasema. "Akilitaka alifuate kwangu."

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka huku machozi yananitoka, na hakuna aliyejua yapi yalikuwa ya kicheko. Nikabeba ndoo yangu nikamfuata.

Ningefanyaje?

Ameondoa magunia ya mkaa kwenye chumba cha uani. Ukutani kuna picha ya Bikira Maria. Akaniuliza kibla kiko wapi, akanitandikia mkeka upande huo. Nilipotaja kodi akanikatisha. "Mateka wangu anilipe kodi? Utaniosha masufuria." Nikamwambia masufuria yenyewe yameshafika umri wa kuzikwa. Akaridhika.

Nimekaa nawaza. Chuo kilitaka kunipa, nikakataa. Huyu kaninyang'anya, nikamfuata. Naona sikuogopa msaada, niliogopa kutazamwa nikiupokea. Kwa Mama Kulwa nimeingia nikichekwa, na mtani akikucheka huumii.

Lakini Zubeda je?

Zubeda ni mwenzangu darasani, Msambaa wa Makuyuni. Analala saluni anakosuka nywele za watu na anadhani sijui. Nimemjua kwa sabuni na mswaki anavyotembea navyo kwenye mkoba. Mlangoni mwa msikiti ule tumepishana alfajiri, kila mmoja akatazama chini.

Chumba hiki kinatosha magodoro mawili. Nimemwomba Mama Kulwa, akasema mateka haombi ruhusa, analeta mwenzake. Shida ni Zubeda. Nikimwambia njoo, atakataa kama mimi nilivyokataa, tena kwa tabasamu. Na sisi Wazigua na Wasambaa si watani, tunaitana ndugu. Ndugu akikunyang'anya kitu mnagombana.

Kesho saa ya chakula nitauchukua mkoba wake mbele ya watu wote, niondoke nao.

Mimi na yeye si watani. Itabidi tuanze.