Safari Hii Watoto Watakuwa Macho

Kabula,

Ulikosa adabu, na kufa hakukuondolei kosa. Mtu mwenye watoto haondoki nyumbani kama mwizi wa kuku, viatu mkononi, mlango unainuliwa kidogo ili usilie. Nani alikufundisha kuondoka hivyo? Mwaka mzima sasa wanao wakiamka wanakwenda kuangalia mahali pako pale mafigani. Kulwa anakwenda, anatazama, anarudi. Doto anakwenda, anatazama, anarudi. Ndipo wanakubali kula.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa herufi nilifundishwa na katekista kwa Kiswahili, tena nimeshakuwa mtu mzima. Tungekuwa tumekaa pamoja ningekusema kwa Kisukuma mpaka utoke jasho. Penseli ni ya kaka yako Masanja. Ameniona nimeinamia karatasi akaniuliza, "Mayu, barua hiyo atapelekewa nani?" Nimemwambia afunge mizigo. Keshokutwa tunakuja huko Geita ulikozikwa, na barua nitaibeba mwenyewe.

Ndiyo, tunakuja. Mimi, Masanja, na mabasa wako wote wawili, Kulwa na Doto. Mume wako ametuma neno kwa dereva wa lori tuje kumaliza msiba, akaongeza kwamba hao pacha wabaki nyumbani, wasije wakapiga kelele mbele ya watu wa kambi ya mgodi. Nilimjibu kwa dereva huyohuyo: mwambie mkwe wangu wenye msiba ni waliotoka tumboni mwa marehemu, yeye alileta ng'ombe tu. Najua si maneno ya kumwambia mkwe. Nimeshayasema. Na wakipiga kelele, wapige. Msibani watu wanalia kwa sauti mpaka wanagaragara, sijaona aliyefukuzwa.

Watu hawajaacha kusema. Mganga bado anasema wazee wamekasirika, eti watoto wako hivi kwa sababu ngoma ya mabasa haikuchezwa sawasawa. Nilikuwepo mimi. Ilichezwa mpaka ngozi ikapasuka. Kulwa mpaka leo hasemi neno, anapanga michembe ya viazi vikavu mkekani mstari mmoja, na ukiusogeza mmoja tu, siku hiyo imeharibika. Chakula ni kwenye lile bakuli la buluu lililobanduka ukingoni. Nilimnunulia jipya, akalitupa zizini. Nikaenda kulitoa kwenye samadi kwa mikono yangu, na sikumpiga. Hilo ulijue.

Doto ndiye ninayetaka kukuambia habari zake.

Unakumbuka hasemi la kwake. Unamwuliza "umekula?", naye anakujibu "umekula?". Ila anayoyasikia anayaweka, na anayatoa siku anayotaka yeye, kwa sauti ileile ya aliyeyasema. Enzi zako tulicheka. Alikohoa kama katekista kabla ya sala, mpaka katekista mwenyewe akageuka kutafuta nani anakohoa.

Sasa sicheki. Habari zako zilikuwa na wiki mbili tangu zifike. Nilikuwa uani napepeta mtama, jua limeshapanda, nikasikia nyuma yangu: "Mayu, acha hiyo, mgongo utakuuma. Nitapepeta mimi." Ungo ulinidondoka. Ilikuwa sauti yako, pamoja na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Nikageuka. Doto amekaa kwenye kivuli cha ghala, anatazama vidole vyake.

Tangu hapo unasema humu ndani karibu kila siku. Unaita kuku. Unalalamika chumvi imekwisha. Siku moja ulicheka, kile kicheko chako cha puani, na Masanja akaweka jembe chini akaondoka bila kula. Yeye anataka yakome. Mimi, nikuambie kweli, nilianza kukaa karibu na Doto. Nilipepeta mtama uliokwisha kupepetwa, ili tu uniambie niache.

Mume wako alishatuma neno mara mbili kabla ya hii. Mara ya kwanza nikasema ni wakati wa palizi. Mara ya pili nikasema mguu unaniuma. Mguu haukuniuma. Niliogopa kwamba watoto wakifika kaburini kwako, Doto atanyamaza, na hapo ndipo nitakuwa nimekuzika kweli.

Halafu ikaja siku ya gulio la Tinde. Nilitaka kwenda peke yangu, nikaona nitoke polepole wasinione, maana wakiona mtu anaondoka ni vilio. Nimeshika katambuga zangu mkononi, mguu mmoja uko nje tayari. Doto alikuwa mkekani amenipa mgongo. Akasema:

"Nenda sasa, wangali wamelala. Hawa hawaelewi kitu. Watasahau."

Haikuwa sauti yako. Ilikuwa yangu.

Kabula, alikuwa macho. Asubuhi ile wewe na mimi tuliponong'onezana mlangoni, mumeo amevunjika mguu mgodini anataka mtu wa kumpikia, lori linapiga honi barabarani, wewe unalia unataka kurudi ndani ukawaage, mimi nakusukuma mgongoni, mtoto yule alikuwa amefumba macho na anasikia kila neno. Kisha homa ikakukuta hukohuko, na neno lile likabaki ndani yake.

Pale juu nimekuuliza nani alikufundisha kuondoka hivyo. Nilikufundisha mimi. Nimeandika kwa penseli, ningeweza kufuta. Sifuti. Lakini na wewe ungenikatalia. Mwanamke mzima mwenye watoto wawili, unamtii mama yako mpaka kwenye upumbavu wake?

Na kosa hilo nililirudia. Tulipopata habari ulikuwa umeshazikwa siku nne. Nilikuja huko matangani nikawaacha kwa jirani, tena nikawaacha usingizini. Kila mtoto anamtupia mama yake udongo. Wako hawakutupa hata punje.

Basi siku ile sikwenda gulioni. Nilivaa katambuga, nikarudi ndani, nikakaa mkekani mbele yao. Nikasema: mama yenu amekufa. Amelazwa Geita, ndani ya udongo. Harudi. Kulwa aliendelea kuzungusha kifuniko cha chungu. Doto akasema, "Ndani ya udongo," kwa sauti yangu. Walichoelewa sikijui. Nilichojua ni kwamba wamesikia, nikamtuma Masanja akamwambie dereva tutakwenda wote.

Dereva ni Rajabu, yule Mnyamwezi anayepeleka mahindi kambini. Kila anapolala Tinde nimewapeleka kwenye lori lake likiwa limesimama. Siku ya kwanza Kulwa alining'ata kifundo cha mkono, alama ziko hapa. Rajabu akasema, "Bibi, hili ni lori, si josho la ng'ombe. Utawaleta mara ngapi?" Nikamwambia mpaka wapande kama binti wa chifu. Siku ya pili waligusa gurudumu, tukarudi. Siku nyingine wakakaa juu ya magunia, wakala michembe, tukashuka. Mara ya tano Rajabu mwenyewe akaniuliza, "Leo tuongeze ngurumo?" Akawasha injini taratibu kama anayeamsha mgonjwa. Kulwa alifunika masikio, akapiga yowe, lakini hakushuka. Nimemchambulia pamba, nikatoa mbegu zote kwa kucha, nimtie masikioni. Mara ya mwisho alinyoosha kichwa mwenyewe nimtie.

Nimefunga mafundo kwenye kamba, kila asubuhi Doto anafungua moja. Mafundo yakiisha, tunapanda. Nimewaambia tutalala njiani Kahama, na mkeka wao ni uleule. Bakuli la buluu linakuja. Kifuniko cha chungu kinakuja, chungu kinabaki. Masanja ananung'unika kwamba tunasafiri na takataka. Yeye mwenyewe alipokuwa mdogo alikuwa halali bila kushika sikio langu, na nimemkumbusha mbele ya mkewe.

Hata udongo tumejifunza. Nimewapeleka kwenye shimo la viazi nyuma ya nyumba. Nikachota, nikatupa, nikasema, "Kwaheri, mama." Doto akatupa, akasema kwaheri kwa sauti yangu. Kulwa alichota, akanusa, akatupa, akapangusa mkono kwenye kaniki yangu. Kisha hakutaka kuacha. Amelifukia shimo lote, na viazi vyangu vya mbegu vimo humo. Viache.

Jana Doto alisema kwa sauti yako tena. Nilikuwa namchana, yeye kapakata kamba yake yenye mafundo. Akasema, "Mayu, niwaage tu. Mara moja." Kitana kilisimama kichwani mwake. Asubuhi ile nilikujibu nini nakumbuka, nawe unakumbuka. Safari hii nikasema: waage, mwanangu. Nilisema kwa sauti, nikamwambia mtoto mwenye kichwa kilichochanwa nusu, na sikuona haya.

Yamebaki mafundo mawili. Asubuhi ya safari nitawaamsha mwenyewe, nitawanawisha uso, watatoka kwa miguu yao wakijua wanakokwenda. Na nakuahidi: muda wote nitakaoishi, hakuna atakayeondoka nyumba hii bila kuwaaga hao wawili. Nikijaliwa kuijua siku yangu, nitawaaga na mimi, hata kama atakayeniitikia ni mmoja.

Nenda salama, Kabula. Ndilo neno nililokunyima pale mlangoni, kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi ya kukuharakisha.

Sasa nisikilize, na mara hii unitii kwa jambo lenye maana. Kaa hapohapo mpaka tufike. Wakisimama juu yako usiwavute. Waache watupe udongo, Kulwa kwanza, Doto wa pili, kama walivyozaliwa. Kisha yale uliyotaka kuwaambia nikakukatiza, yaseme kwa Doto, yaseme yote, mimi nitasimama nisikie mpaka mwisho. Ukimaliza, nyamaza. Mwachie mtoto kinywa chake.

Mama yako