Moyo Ulioandikwa Jina Langu

Jumanne, 4 Machi
Leo tumefungwa visanduku. Wazee kumi na wawili, wote wastaafu wa jeshi, kila mmoja na kisanduku kiunoni na nyaya tano kifuani. Kinarekodi mapigo ya moyo mpaka kesho. Muuguzi wa utafiti wa mazoezi hapa kliniki kasema tusikivue hata tukioga. Haya.

Kipenga kanivuta chooni. (Tulimpa jina hilo kikosini, alikuwa mkufunzi wa mazoezi.) Kasema kapata kizunguzungu mara tatu wiki hii, na juzi kaanguka jikoni. Wakijua watamtoa kundi letu la kutembea, na tangu mkewe afariki hana pengine pa kwenda. Tubadilishane visanduku! Nilikuwa mtu wa redio, nyaya hazinishindi. Dakika nne tu. Nikamwapia nitafunga mdomo.

Jumatano, 5 Machi
Tumebadilishana tena chooni kabla ya kurudisha. Kila kisanduku na jina la mwenyewe. Muuguzi hakugundua kitu. Tulicheka.

Jumatatu, 10 Machi
Mjinga mimi! Daktari kapiga simu. Moyo "wangu" unasimama sekunde nne nzima, mara kadhaa. Nisitembee sana, nisipande ngazi, niende Alhamisi tupange kuwekewa kifaa cha kuendesha mapigo. Nilimhurumia Kipenga hata sikuwaza kwamba majibu yake yataniangukia mimi. Mke wangu alikuwa pembeni, kasikia yote. Chumvi imefichwa. Ndoo ya maji nimenyang'anywa mkononi. Binti yetu kapiga simu analia. Hasira zimenijaa na siwezi kumwambia mtu kwa nini.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia Kipenga: kaseme ukweli. Kanijibu eti kifaa nikikatae tu, bila sahihi yangu hawawezi kuniwekea. Majibu yake yeye mazuri mno — wamempandisha kundi la kupanda ngazi, ghorofa nne, wanaanza Jumanne ijayo. Kwa moyo wangu! Kafurahi kama kapandishwa cheo. Usoni anatoka jasho, na hatukuwa tumetembea hata hatua kumi. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, lakini zaidi kofi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimevunja kiapo. Nikamwambia daktari: huo si moyo wangu, ni wa Kipenga. Katabasamu kwa upole — upole wake ndio unaoudhi. Wazee wengi hukataa majibu mwanzoni, mzee wangu. Nikasisitiza. Kanilaza, kanipima dakika moja: safi. Ndiyo maana tunatumia kisanduku, kasema, tatizo huja na kuondoka. Ukiwa mzima, mgonjwa. Ukiwa mgonjwa, mgonjwa!

Akampigia Kipenga, akaweka sauti nje nisikie. Naye huyo, bila kutetereka: mwenzangu anaogopa, daktari, mumbembeleze. Miaka thelathini na moja namjua mtu huyu.

Nikaomba tupimwe upya sote wawili. Visanduku vyote vimepelekwa kituo kingine. Wiki mbili, nisubiri.

Jumapili, 16 Machi
Nimempigia mara sita. Hapokei. Mke wangu kasema nipumzishe moyo.

Jumanne, 18 Machi
Naandikia ngazini, hapa hapa kliniki. Nimewahi kabla ya kundi lao kuanza, nikakaa katikati ya ngazi ya kwanza. Sisogei. Muuguzi kabembeleza, kafoka, kaniita babu. Nimewaeleza mbele ya wote: kisanduku changu alikivaa Kipenga. Wenzetu wamecheka, wamedhani masihara ya kijeshi. Muuguzi kaenda kumwita daktari.

Kipenga kapanda kuniondoa mwenyewe. Vidato tisa. Aliponifikia hakunivuta. Kashika ukingo, kasema taratibu: afande, sogea nikae.

Tumekaa. Shati lake limelowa, bega ni la baridi. Kasema nisimwachie. Hajawahi kuniomba hivyo. Mkono wangu wa kushoto umeshika kifundo cha mkono wake: mapigo yapo — hayapo — yapo. Nimeshaita, nimepiga kelele mpaka koo limekauka; wenzetu kule chini wanadhani bado ni masihara. Sina la kufanya ila kushika na kuandika.

Hao wanakuja mbio, muuguzi na daktari, na kiti cha magurudumu. Nawaonyesha Kipenga. Muuguzi anasema tulia mzee wangu, usiongee, na ananishika kwapani mimi, si Kipenga