Kamba Yenye Vishikio vya Mbao

Dada yangu mpendwa,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ina miezi miwili juu ya kabati, na sijaijibu. Mkono ulivunjika, ukafungwa plasta, kuandika kukawa shida. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na goti halikusumbui tena ukiwafundisha wanafunzi wako michezo. Mama mwambie nakula. Mwanao huyu niliyekuzalia ametoa meno sita na anauma kila kitu, hata sabuni. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida wa mtu anayenyonyesha na kushinda akipiga pasi mashuka ya hospitali.

Nitangulize habari njema, maana wewe ndiye uliyeianzisha. Ile kamba ya kuruka uliyonitumia baada ya kujifungua, yenye vishikio vya mbao, niliicheka. Nikasema dada anadhani mimi bado mwanafunzi wake. Siku ya kwanza niliruka mara saba, nikajikojolea kidogo, nikakaa palepale juu ya paa katikati ya nguo zilizoanikwa, nikacheka mpaka nikalia. Lakini uliniandikia neno nikalishika: "Usiruke kwa hasira. Hasira inachosha. Ruka kwa kuhesabu." Basi kila siku nikawa napanda paani, mtoto namlaza ndani ya tenga la nguo, nahesabu. Nikishuka nachora mistari kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni, mstari mmoja kwa kila kumi. Ngazi nazo nikaacha kuzipanda kwa kutembea. Fundi cherehani wa pale chini akawa ananiuliza kila nikipita kama moto umeshazimika huko juu. Mwezi wa tano wa kuruka nilifika mia tatu bila kusimama. Kazini nanyanyua mzigo mzima wa mashuka mabichi peke yangu, wenzangu wameniita Winchi, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Nilijisikia mtu, dada.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakitafuta, maana hili sikuwahi kukuandikia. Shemeji yako, mume wangu, alikuwa akinipiga. Alianza nikiwa na mimba. Kule kuanguka bafuni nilikowaambia kulikuwa ni mkono wake. Mtoto alipotimiza wiki sita nilijaribu kukimbia. Tunakaa ghorofa ya nne, na pumzi iliniishia kona ya pili ya ngazi. Alinishika nywele akanirudisha juu kinyumenyume, mtoto nimemkumbatia kifuani, mgongo ukigonga kila ngazi. Kiuno chembamba sikukitaka mimi. Nilitaka kuipita kona ya pili.

Jumamosi ile niliyovunjika mkono, umeme ulikatika kwenye karakana yao ya kuchomelea, akarudi mapema. Mimi ndio kwanza nimeshuka paani, kamba bado shingoni. Akaufunga mlango wa jikoni apate kulifikia sinki anawe, akaiona mistari. Ilikuwa imejaa kuanzia kitasa mpaka chini. Akaniuliza taratibu, "Umekuwa ukinihesabia?" Alidhani kila mstari ni kipigo chake, na kwamba iko siku nitawaonyesha ndugu zangu. Ningeweza kumwambia ni mistari ya kamba. Nikamjibu kwamba vya kwake vingehitaji mlango wa pili.

Alichukua kikaango. Nilikinga kichwa, nikasikia mfupa wa mkono ukilia kama kijiti kikavu. Pigo la pili lilinipata begani. Nikamnyakua mtoto, nikatoka mbio.

Kona ya pili niliipita kama si kitu. Nyuma yangu nilimsikia akitukana, baadaye akikohoa, baadaye kimya. Nilifika chini, nikamkabidhi mtoto kwa fundi cherehani. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi.

Hapa ndipo barua hii ilipokwama. Uliovunjika ni mkono wa kushoto, dada. Naandika kwa wa kulia, unajua. Wa kulia ulikuwa mzima siku zote. Niliona haya kukuandikia nao.

Nilirudi juu. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta amekaa kona ya pili, kiganja kifuani, anatafuta pumzi. Aliunyoosha mkono, nadhani alikuwa ananiomba nisubiri. Nilivua kamba nikampiga usoni kwa vile vishikio. Sikuwa na hasira, nilikuwa nahesabu. Pigo la tatu lilivunja pua. La sita lilikwenda na meno. La kumi na moja aliacha kujikinga. Nilifika kumi na tisa, fundi akanikamata kiunoni akisema, "Inatosha, mama. Mwanao anakusikia." Kumbe nilikuwa nahesabu kwa sauti. Damu haikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba sikuwa nahema.

Yu hai, ila jicho moja halioni. Kituoni, polisi wametuandika mashtaka wote wawili, yeye kwa mkono wangu, mimi kwa jicho lake. Afande wa kike alinisikiliza vizuri mpaka alipouliza kwa nini nilirudi. Mwezi ujao tunapelekwa mahakamani. Tafadhali usije kusema nilikuwa najikinga. Nilijikinga mpaka mlangoni, na hivyo ndivyo nitakavyosema. Wakinifunga, mtoto ni wako. Wakiniachia, nitamlea mwenyewe. Hata sasa kila asubuhi naruka mikono mitupu nyuma ya duka la fundi, alikonipa chumba. Mistari sichori tena.

Mpe mama salamu zangu, haya mengine msomee ukiwa umemkalisha chini. Shemeji na watoto nawabusu wote.

Mdogo wako,
Winchi

Nikumbukie hivi: viatu vya mazoezi namba thelathini na tisa, miguu imetanuka tangu uzazi, bandeji ya kuvutika ya mkono, fulana mbili za mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akue nazo, na picha yako moja, mwanao aanze kuizoea sura yako. Nahitaji pia kamba nyingine, maana ile wameishikilia kituoni, wanasema ni ushahidi. Tafuta ya plastiki, nyepesi, isiyo na mbao.