Ukinzani wa Koku

Jumatano, Songambele

Kumbe ukinzani ni kitu cha umeme. Binti yangu Koku alipopiga simu leo kutoka chuoni akasema, "Mama, ukinzani unazidi kila siku," mimi nikadhani kuna watu wanampinga. Nikamuuliza, "Ni nani hao, mwanangu? Walimu?"

Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba wanatandaza kaboni juu ya kioo, utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, halafu anaugusisha sindano nne kupima umeme unavyopita. Utando wake hautulii. Leo kipimo kinasoma hivi, kesho kimepanda. Mwalimu amesema vipimo visipotulia mwezi huu, Koku atarudia mwaka.

Nikauliza kama anaufunika, maana kahawa yetu ikiachwa wazi wakati wa mvua inavuta unyevu. Akasema, "Mama, nimefanya yote." Sauti kama ya mgonjwa.

Ndipo nikasema, "Basi rudi nyumbani, mwanangu. Ndizi zipo."

Hapa kwetu hilo ni neno la kumpa mtu pumzi. Nilitaka aje ale, alale siku mbili, kisha aendelee. Yeye akasema taratibu, "Hata wewe, mama?" Simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani.

Naogopa ameelewa kwamba hata mimi naona ameshindwa. Asije akafungasha kwa ajili ya neno langu.

Nimeandika ujumbe wa kumweleza, nimeufuta mara tatu. Kila nikiusoma, bado unasema rudi.