Kiti Baada ya Kibwagizo cha Pili

3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila kazi ya dukani imenikalia kooni. Nakutumia hedifoni, zile kubwa tunazozifungia kwenye kabati la kioo. Sikiliza wimbo wako wa ujana, ule ulioimba na bendi. Kibwagizo cha pili kikiisha kuna kiti kinagonga, ko! Kwa hizi utasikia mambo hujawahi kuyasikia.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti afadhali, masikio ndiyo yameniangusha. Nimesikiliza mpaka yamepata moto, kiti wala! Nasikia yaleyale ya hedifoni zangu kuukuu, zile nilizozifunga utepe zisiachane. Nimeogopa, sikufichi. Mwalimu wa kwaya asiyesikia anafundisha nini? Mashindano yamekaribia, siwezi kuwatia watu aibu. Mwisho wa mwezi nawaambia watafute mwingine. Baba yako asijue, ataanza kunishika mkono nikivuka barabara.

Shangazi yako

24 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na chonde chonde usiwaambie lolote! Barua yako imenitoa jasho. Tulifungana macho hapa dukani, mtu akatushikia hedifoni masikioni, mara za ghali, mara za bei poa. Tulichemsha wote, hakuna aliyezitofautisha. Fundi wetu, anavyojidai na masikio yake, alizisifia za bei poa mpaka tukamwonea huruma! Yale niliyokuandikia ni maneno ya kuuzia. Nimeyasema sana hadi nikayaamini.

Na hicho kiti, fundi ndiye aliyenionyesha kilipo. Chukua zako za utepe. Kibwagizo cha pili kikiisha, achana na mwimbaji, sikiliza chini, kushoto, kabla gitaa halijarudi. Nijibu upesi, roho yangu iko juu juu.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu wee,

Marahaba mara mia! Barua yako ilinikuta nimeshavaa, naenda kuwaaga wanakwaya. Nikasimama jikoni na mkoba begani, nikavaa zangu za utepe. Ko! Nikavaa zako. Ko! Nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuchungulia.

Ila si kiti. Ni kiatu changu. Kilikuwa kinanibana siku ile, nikakivua kwa teke huku naimba. Miaka yote nasikiliza sauti yangu tu, nani aje asikilize miguu?

Basi nikaenda, lakini si kuaga. Bado nilikuwa na wasiwasi. Wimbo wa kwanza tu, sauti ya pili wakaanza kushuka, nikawasikia kabla wenyewe hawajajisikia. Nikawagombeza kwa furaha, maskini, hawakuelewa mama huyu kapatwa na nini. Mwanangu, nilirudi nyumbani mwepesi, hata magoti niliyasahau.

Hedifoni zako sirudishi. Mume wangu anakoroma, na kwa hilo hazina mpinzani.

Shangazi yako anayesikia