Kadi Mbili Njia Panda ya Kiplombe

Kiplombe,
Eldoret.
12 Novemba, 1989.

Ndugu yangu Wepukhulu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Rosebella na watoto wote, hasa huyo mdogo Khisa ambaye mpaka leo sijamtia machoni. Baridi ya Timboroa inawatendeaje? Wanaotoka huko wanasema mwaka huu ukungu hauondoki mpaka saa nne, na kwamba watu wanavaa makoti hata wakienda kuteka maji. Natumaini kifua chako hakikusumbui, na kwamba baiskeli za watu wa huko zinaharibika vya kutosha ili fundi asikose kazi.

Ukiuliza hali yangu, si nzuri. Daktari alimwita Angeline nje ya chumba akamweleza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kana kwamba baba yake hakufundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Nilisikia kila neno. Ni ini, na limekwisha. Angeline alirudi akiwa amejipangusa uso, akaniambia daktari amesema nile matunda. Nami nikamwambia vizuri, nitakula matunda. Kwa hiyo barua hii naiandika kidogo kidogo, mistari michache halafu napumzika. Ukiona mwandiko umelala upande, ujue ni pale nilipochoka.

Siku hizi nalala nikitazama dari, na ninachokiona mara nyingi si darasa wala watoto niliowafundisha. Naiona ile baiskeli nyeusi uliyonichagulia mwaka wa themanini na sita, na wewe ukikimbia kando yangu umeshika kiti.

Unakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Kanisa lilitaka kuwajengea akina mama wa Soy wodi ya kujifungulia, kwa maana walikuwa wanapakiwa kwenye matrekta kuletwa mjini, na wengine hawakufika. Kamati ikaamua waumini waendeshe baiskeli kutoka Timboroa mpaka Soy, kupitia Eldoret, na watu waahidi mchango kwa kila kituo ambacho mwendeshaji atafika. Ofisi ya wilaya ilitaka kwanza kujua kwa nini watu kumi na wawili wanaelekea mahali pamoja kwa wakati mmoja, na ikatoa kibali baada ya kuhakikisha kwamba sote ni wanachama waaminifu wa chama tawala. Mimi nilisimama kanisani nikasema nitakwenda. Watu walidhani nasema nitawaombea. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na sikuwa nimewahi kuendesha baiskeli hata hatua kumi.

Sikuwahi kukueleza sababu. Nilipokuwa mtoto baba hakuwa na baiskeli. Nilipokuwa mwalimu, kila mara alitokea mtu wa kunibeba nyuma kwenye keria, maana haikufaa mwalimu atoe jasho. Nimebebwa hivyo tangu Yala mpaka hapa. Nilikuwa nimestaafu, mama yake Angeline alikuwa amekufa, na nilitaka walau mara moja kufika mahali kwa miguu yangu mwenyewe.

Ulinifundisha miezi minne pale uwanjani nyuma ya kibanda chako. Siku ya kwanza ulinifunga suruali kwa kipande cha tyubu ili isiingie kwenye mnyororo, ukaniambia sasa nimekuwa mwanafunzi wa nasari na nisiulize maswali mengi. Nilikuwa natazama chini bila kukoma, nawe ukapiga kelele mpaka wateja wako wakageuka: “Mwalimu, mbona unasoma tairi? Hakuna kitu imeandikwa hapo! Angalia mbele!” Watoto walikuwa wakikimbia nyuma yangu wakiimba kwamba Mwalimu anaendeshwa na baiskeli. Nilianguka kwenye mtaro, nikaangukia ua wa jirani yetu Maximilla, nikaangukia mbuzi wa mtu. Kila nikianguka ulikagua baiskeli kwanza, kisha ukaniuliza kama na mimi niko sawa. Nilicheka pamoja nanyi. Lakini niliporudi nyumbani nilikuwa nakaa kitandani bila kuvua viatu, na moyo wangu haukucheka. Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayejua.

Hata hivyo nilijifunza. Mwezi wa saba tulikwenda mpaka Soy na kurudi, na uliniambia kilima kisitazamwe kizima. Mtu achague mti, afike kwenye mti, achague mwingine. Mpaka leo hivyo ndivyo ninavyozimaliza siku zangu.

Na ile siku yenyewe, mwezi wa nane. Lori lilitupandisha Timboroa alfajiri, mikono imekufa ganzi. Vijana walitukimbia mara moja. Wewe ulikuwa na nguvu za kuwapita wote, lakini ulibaki nami. Ulipunguza mwendo kwa ajili yangu tangu Timboroa mpaka mjini, na kila kituo tulipigiwa muhuri pamoja, kadi yako na yangu.

Tulipokaribia njia panda ya Kiplombe ulifunga breki ghafla. Uliona meza ya akina mama wa kanisa, na kwenye meza hiyo, ameshika muhuri, mama mkwe wako, Mama Nanyama. Hakuna aliyekuambia kwamba amekuja kutoka Bungoma. Maximilla alikuwa amempa kiti cha heshima kama mgeni, na kwa kuwa kupiga muhuri hakuhitaji kusoma, wakampa kazi hiyo. Ulinitolea kadi yako. Ulisema, “Mwalimu, nisaidie. Yule ni mama mkwe, siwezi kufika hapo. Nipigie muhuri, tukutane kule mbele.” Ukaingia kwenye mahindi na baiskeli yako begani. Sisi Wajaluo nasi tuna heshima yetu kwa wakwe, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuelewa.

Ulipotoka kwenye mahindi upande wa pili, nilikurudishia kadi bila muhuri. Nilikuambia kwamba mama amekataa. Nilikuambia amesema mwenye kadi aje mwenyewe mbele yake.

Najua neno hilo lilifanya nini. Mama mkwe kumwita mkwewe amtokee mbele ya umati ni kumvua nguo. Uliiweka kadi mfukoni, ukapanda baiskeli, na kwa mara ya kwanza siku ile hukunisubiri. Pale Soy mwenyekiti alisoma majina, na alipofika kwako akasema kituo kimoja kinakosekana, na kwamba kuna watu waliokuona ukitokea kwenye mahindi. Watu wakaguna. Wewe ulinyamaza, kwa sababu kujitetea kungekuwa kumshtaki mama wa mke wako hadharani. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya mbele na maua shingoni. Baada ya hapo watoto wakaanza kukuita Fundi wa Njia ya Mkato, na mwaka haukuisha ukafunga kibanda ukahamia Timboroa. Rosebella alimweleza Angeline kwamba hutaki apeleke watoto kwa mama yake, na kwamba Khisa alipozaliwa bibi yake hakupelekewa hata habari.

Wepukhulu, mama hakukataa. Sikumwonyesha kadi yako. Ilikuwa mfukoni mwangu wakati wote.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Nilipofika mezani akina mama walipiga vigelegele. Walikuwa wamesema sitavuka mji. Maximilla akanimwagia maji kichwani, akauliza kwa sauti, “Na fundi wako je? Mwalimu, umemwacha wapi?” Nami nilikuwa nimelewa vigelegele. Nilisema, “Fundi? Amechoka, yuko huko nyuma anapumua.” Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakaimba kwamba Mwalimu amemshinda fundi. Ulikuwa mzaha wa dakika moja, na ningeweza kuumaliza hapo hapo kwa kutoa kadi yako. Lakini kuitoa kungekuwa kusema kwamba wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu, kwamba tangu alfajiri ulikuwa unanivuta kama trela. Niliitaka ile dakika. Kadi yangu ikapigwa muhuri, nikaondoka. Huko mbele uliponyoosha mkono na majani ya mahindi yamekukwama kichwani, sikuweza kukuambia kwamba nimekuuza kwa wimbo. Nikamtwika mama mzigo, kwa sababu nilijua huwezi kamwe kwenda kumwuliza.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Nimefundisha watoto wa watu, nimewachapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijiambia kwamba nitakuandikia baada ya Krismasi, baada ya mavuno, nikipona.

Jumatano iliyopita akina mama wa kanisa walikuja kunitazama, na kati yao alikuwa Mama Nanyama. Yuko kwa Maximilla kwa matibabu ya macho. Wenzake walipotoka nilimwomba abaki, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Kisha akaniambia kwamba siku ile alituona. Alituona tukisimama, akaona kitu kikitoka mkononi mwako kikiingia mkononi mwangu, akakuona ukiingia kwenye mahindi. Alifurahi moyoni, akajua binti yake ameolewa na mtu mwenye adabu. Akageuza kiti chake, akaipa barabara mgongo, ili ukipenda kupita upite bila aibu. Nakumbuka kiti hicho. Mimi nilidhani anakimbia jua. Aliniambia alishika muhuri, ameshautia wino, akingoja nitoe kadi ya pili. Nilipowaambia watu umechoka, alijua si kweli, lakini angembishia vipi Mwalimu mbele ya watu? Basi akafikiri ni wewe uliyenituma niseme hivyo. Alidhani hukutaka kadi yako iguswe na mkono wake. Ulipowazuia watoto akaona amepata uhakika.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu wewe umemkasirikia yeye kwa neno ambalo hakulisema, naye ameumia kwa ajili ya neno ambalo wewe hukulisema. Maneno yote mawili yalikuwa yangu.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Aliniuliza tu mtoto anaitwa nani, na nilipomwambia Khisa alilirudia jina hilo mara mbili, akasema ni jina la kwao. Halafu akasema nikuandikie hivi: hakuombi uje mbele yake, maana adabu ni adabu. Rosebella na amlete mtoto. Wewe ukiwasindikiza, uishie pale njia panda, na chakula chako utaletewa hapo hapo. Atakuwa kwa Maximilla mpaka mwisho wa mwezi huu. Macho yake, wanasema, jicho moja halitarudi, na la pili hawana hakika nalo.

Nimemwandikia pia mwenyekiti wa kamati barua fupi, nikamwomba aisome kanisani Jumapili ijayo ningali hai, ili watu waweze kunitazama usoni. Angeline aliisoma. Hajazungumza nami tangu jana asubuhi, ila bado ananiletea matunda.

Siwezi kukuambia unisamehe; hiyo ni kazi yako na una haki ya kuiacha. Ningependa sana kukuona. Nasema hivyo kwa ukweli, kwa sababu sikuwa na rafiki mwingine aliyenicheka bila kunidharau. Lakini najua nauli ya kutoka huko, na najua kazi zako. Kama una nafasi ya safari moja tu mwezi huu, usije kwangu. Mpeleke Khisa kwa bibi yake, wakati bado anaweza kumwona.

Nisalimie Rosebella, umwambie Angeline anamkumbuka. Wasalimie majirani wote wa huko wanaonifahamu. Nakutakia afya, na barabara kavu.

Ni mimi aliyekuwa mwanafunzi wako,

Jeconia Ondiek