Kikombe cha Saruji

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitako, si umesimama juani na vibanio mdomoni ukianika mashuka ya watu. Kama umesimama, kaa kwanza. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa, na bado hataki kwenda kupimwa? Mwambie mimi shemeji yake nimesema ukaidi haujawahi kuponya kifua cha mtu. Wapwa zangu wote nawasalimu, hasa yule mkubwa aliyefaulu mtihani. Nimefurahi, nimefurahi kweli.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, nakwenda kazini. Hayo mengine ndiyo yaliyofanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningesikia unavuta pumzi, ningeogopa, ningeanza kukuuliza habari za mvua. Unanijua.

Barua yako ilifika Alhamisi na gari la mizigo. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Umeniandikia kwamba Fundi Sururu, aliyetuchimbia kisima chetu cha uani, alishuka kwa kamba akiongeze kina, akaitwa asiitike, na walipomvuta juu alikuwa ameshakata roho. Umesema mmeshamzika. Umesema majirani wanasema kosa lake mwenyewe ndilo lililomuua, kwa kuwa aliharibu kisima siku ile alipokuja kukisafisha, na tangu hapo maji yakaanza kunuka. Umesema wewe umeshamsamehe. Halafu ukaniomba mimi, msomi wa familia, mtu wa mitambo, nikueleze vizuri jinsi maji yanavyoharibika, ili uwaeleze watu roho zao zitulie.

Nitakueleza, dada. Ila roho yako haitatulia.

Ule mnara uliokuwa ukiuona kutoka uani, nyuma ya kiwanda cha matofali, watu walidhani unanyonya gesi kama mtoto anavyonyonya soda kwa mrija. Ingekuwa hivyo kazi yetu ingekuwa nyepesi. Mnara ni wa kubeba mabomba tu. Chini kabisa ya mabomba kuna keekee yenye meno inayosaga mwamba, na ndani yake tunasukuma tope zito linaloshuka mpaka kwenye meno, linayapoza, kisha linapanda kwa nje likibeba chengachenga za mawe. Tope hilohilo, kwa uzito wake, ndilo linaloikalia gesi isiruke juu kabla ya wakati. Likishachoka linamwagwa kwenye shimo lililotandikwa nailoni, lile lililofurika masika ya kwanza likaua majani yote ya bondeni. Mlilalamika, wakaja watu wenye kofia ngumu wakapiga picha, wakaenda zao. Na ule moto uliokuwa ukitia masizi mashuka yako meupe ni gesi waliyoona haina faida kuibeba. Hayo mliyaona kwa macho. Lililoharibu maji liko chini, hamkuweza kuliona.

Shimo la gesi halichimbwi kwa mkupuo mmoja. Maji yenu yako juu, gesi iko chini huko, karibu kilomita tatu. Kwa hiyo ukishalipita tabaka la maji unasimama. Unashusha bomba pana la chuma, kisha unasukuma uji wa saruji ndani yake, utokee chini, upande kwa nje kati ya chuma na udongo mpaka uchungulie juu. Ukikauka vizuri, umeyatenga maji na kila kitakachopita ndani ya bomba. Ukianza kuchimba tena kabla haujakauka, mtikisiko unaupasua, na kando ya bomba panabaki ufa mwembamba kama unywele. Gesi haihitaji zaidi ya hapo. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, lakini hakuna mzee aliyewahi kuajiriwa kwetu.

Sasa utajuaje kama saruji ya chini imekauka? Huwezi kushuka kuigusa. Desturi ya vikosi vyetu ni hii: tunachota uji uleule kwenye kikombe cha plastiki, tunauweka pembeni, tunausubiri. Siku kikombe kinapokuwa kigumu hata kidole gumba hakiachi alama, tunasema na chini kumeshika. Mtunza kikombe ndiye anayetamka, na akishatamka mashine zinawashwa. Pale nyuma ya kiwanda cha matofali, mtunza kikombe nilikuwa mimi.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na baridi kali. Msimamizi wetu, tuliyemwita Fasta kwa kuwa hakuwa na neno jingine kinywani, alikuwa akipita kila baada ya muda akiuliza kama kikombe kimesema. Mimi nilikuwa nimekiweka juu ya boksi la jenereta ili kisijae maji ya mvua. Pale palikuwa na joto la jiko. Ilipofika saa sita mchana saruji ilikuwa jiwe. Nikabonyeza, nikasaini, nikasema tayari. Maagizo yalisema tungoje mpaka kesho yake. Huko chini hakukuwa na jenereta, dada, kulikuwa na udongo wa baridi, na uji ulikuwa bado uji.

Usidhani sikujua. Juu ya boksi hilohilo ndiko nilikokuwa nakaushia soksi zangu. Ningependa kukuandikia kwamba nilikuwa nawahi kuja kukuona, maana wiki ile ulikuwa umetoka hospitali. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na mara tatu nimeifuta. Ukweli ni kwamba gari la wanaokwenda mapumziko lilikuwa linaondoka saa saba, nilikuwa nimelowa chapachapa, na nilitaka kitanda kikavu. Ni hilo tu. Nilipofika kwako jioni ulifurahi nimewahi, nami nikaipokea furaha yako.

Mwaka uliofuata, maji yenu yalipoanza kutoa mapovu na harufu, nilikuwa kwenye kikosi kilichotumwa kulikagua shimo. Tuliteremsha chombo kinachogonga bomba na kusikiliza, kama fundi anavyogonga ukuta kujua wapi pana uwazi. Sehemu yote ya juu ililia kama debe tupu. Wakatoboa bomba, wakasukuma saruji nyingine ipite kwenye matundu, haikushika. Wakarudia, haikushika. Kisha wakaziba juu kwa kifuniko cha chuma, wakakipaka rangi, na shimo likauzwa kwa kampuni nyingine. Nimeitafuta ofisi yake. Nilikuta mlango, mlinzi, na kalenda ya mwaka juzi.

Nilimwendea mhandisi wetu nikamweleza habari ya kikombe. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa kiti, akasema faili limeshafungwa na kulifungua kutawatesa watu bure. Kisha akaniuliza kama naipenda kazi yangu. Nikasema naipenda.

Kwa hiyo maji hayatarudi. Najua unasubiri masika yayasafishe, mimi ndiye niliyekwambia usubiri. Usisubiri tena. Hakuna mtu anayeweza kushuka na kuuziba ufa ule, na hakuna mtu anayetaka. Kisima kifunikeni, msisogeze moto karibu, na msiyachemshe maji yale mkidhani yatasafika. Sasa hivi natunza kikombe mahali pengine, nangoja siku nzima bila kukigusa, na Fasta mpya ananitukana. Ninyi haiwasaidii kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Laiti ningeishia hapo ningekuwa mzembe tu, na wazembe tuko wengi. Lakini mwaka huu uliponiuliza kama yawezekana Fundi Sururu alikosea alipokisafisha kisima, nilikuwa nimeshaona karatasi ya majibu ya kile chombo kilichogonga bomba. Jibu nilikuwa nalo. Nikakuandikia kwamba ndiyo, inaonekana alitoboa mahali pa maji mabovu, basi ashuke aongeze pima mbili atayapata mazuri. Miaka thelathini kisima chake kilitunywesha maji matamu, nami nikamgeuza boya asiyejua kazi yake kwa mistari minne. Nilikuwa nimeona majirani wameshaanza kumnyooshea kidole, na maadamu kidole kilikuwa kwake, hakikuwa kwangu. Umenieleza kwamba ulimsomea barua ile, naye akacheka kidogo, akasema mtoto niliyemwona akitambaa leo ananifundisha kazi, haya, nitashuka, tena bure.

Nilijua mna gesi mle kisimani. Haina rangi. Inaifukuza hewa, na mtu hupiga magoti akidhani ni uchovu tu. Utaniuliza kama sikufikiri kwamba mtu angeshuka kwa sababu ya maneno yangu. Nimejiuliza hilo kila siku tangu Alhamisi, nikitafuta namna ya kusema sikufikiri. Nilifikiri, dada. Nilifikiri, kisha nikalamba bahasha nikaifunga.

Lipo jambo umeliandika mwishoni, chini ya jina lako, kama kitu kidogo ulichokuwa umesahau. Umesema mjane wake anakuja kila asubuhi na ndoo mbili za maji kutoka bomba la barabara kuu, anaziweka mlangoni kwako, anakataa hata chai. Umesema anadai ni fidia ya kosa la mumewe na ataendelea mpaka moyo wake umwambie basi. Ukasema unamwonea huruma, lakini maji yanakusaidia kufulia.

Kesho akija, usiyapokee. Mkalishe ndani, umsomee karatasi hizi zote kuanzia juu, hata pale pa soksi, usiruke neno kwa kunionea haya. Kisha mwachie aondoke nazo. Jina la kambi na namba yangu ya kazi nimeviandika nyuma ya bahasha, akitaka kuvipeleka polisi avipeleke. Sidhani kama vitamfikisha mbali, maana hata mimi nilipojipeleka kwa mhandisi sikupokewa. Majirani nao wasomee kwa sauti ileile uliyoisomea barua yangu ile ya kwanza. Najua watakugeukia wewe, kwa kuwa mimi niko mbali na wewe uko karibu. Nisamehe kwa hilo ukiweza, hayo mengine usinisamehe kwa haraka.

Msalimie shemeji, wapwa zangu, na jirani yeyote atakayekubali salamu zikitoka kwangu. Uguza goti lako. Mjane akinyanyuka kwenda, zile ndoo mbebee wewe mwenyewe mpaka kwake.

Ni mimi, kitindamimba wenu,
niliyemuua Fundi Sururu.